Pikapu Iliyokata Pumzi Mbele ya Mulango wa Eneless

Méschac hatengenezi gari kabla hajalisikiliza, na kusikiliza kwake kunachosha watu. Anasimamisha bisibisi ndefu juu ya injini, anaweka mpini kwenye sikio, anafunga macho. Ukimuuliza kitu wakati ule anakujibu baada ya robo saa, kama mutu anayeongea na Kinshasa kwa simu mbaya. Wateja wapya wanadhani anasali. Wa zamani wanakwenda kununua vitumbua na kurudi.

Gereji yake iko Kashikishi, karibu na pale mitumbwi ya kisiwa cha Chisenga inapofikia: mabati manne juu ya nguzo, shimo moja chini, na chini ya shimo maji, kwa sababu ziwa nalo linapenda kutembelea watu. Alizaliwa ng'ambo ya ziwa, nchi ya jirani, vijiji vya nyuma ya Pweto, akavuka wakati wa vita, akakaa kambini, akaoa mwanamuke wa hapa anayeitwa Febby. Akiongea Bemba, lugha ya hapa, soko zima linacheka na yeye hajali. Karatasi ya shule hana hata moja. Mimi ninayo nusu, maana nilisoma ufundi wa magari Mansa miaka miwili na mwaka wa tatu haukunisubiri. Ndiyo sababu ananiita Demi, yaani nusu kwa Kifaransa, na wengine wote wakamufuata.

Ninaendesha pikapu ya Mama Clémentine, muchuuzi wa samaki. Imenizidi umri na inajua hivyo. Wiki ile ilikuwa imeanza tabia mupya. Ikiwa tupu, kwenye njia ya sawa, inakwenda kama mutoto aliyetumwa sukari. Ukiipakia samaki na kuipandisha mulima, gia ya pili, inaanza kusita. Inameza kitu, inajikwaa, inakata pumzi, inakufa. Unakaa dakika tano, unageuza ufunguo, inawaka vizuri kabisa, na wewe ndiye unaonekana mwongo. Méschac aliniambia nimuletee Jumatatu.

Ijumaa Hervé akafa.

Hervé alikuwa muchuuzi kama Clémentine, mutu wa miaka arobaini na moja, mwenye sauti ya kuuza samaki hata kama hana samaki. Homa ilimukamata Chisenga siku ya Jumatano. Boti ya kumuleta hospitali ilimukuta amekwisha. Jumamosi asubuhi maiti ikafika bandarini, sanduku likiwa limekwisha kupigwa misumari, na kaka yake Mwamba, shemasi wa kanisa, mutu wa heshima ambaye hata mbwa wanamupisha, akamuomba Clémentine gari. Gari haikataliwi musiba. Nikapakia sanduku, na nyuma wakapanda watu ishirini na wawili. Nilihesabu, kwa sababu niliijua pikapu yangu.

Njia ya makaburi inapanda kutoka ziwani, na sehemu kali kabisa inapita mbele ya nyumba ya Eneless. Huyu ni mujane, anakaa peke yake chini ya paa la majani, anauza chumvi. Siku chache kabla ya hapo Hervé alikuwa ametua vitunga vya samaki mubichi juu ya mifuko yake, chumvi ikaloa. Eneless akamuambia mbele ya bandari yote, "Chumvi yangu itakufuata." Mutu mwenye hasira anasema maneno. Akiwa ni mwanamuke muzee anayekaa peke yake, watu wanayaweka maneno yale mahali pa kavu, yatakuja kufaa.

Tulipanda na nyimbo. Gia ya pili. Nikasikia ile kumeza. Nikakanyaga pedali mpaka chini, pikapu ikatetemeka, ikajikwaa, ikafa. Nikatazama kushoto: mulango wa Eneless, na Eneless mwenyewe amesimama ndani yake, na kikombe cha kupimia chumvi mukononi.

Nikaachia ikarudi nyuma kidogo, tukangoja, nikawasha, tukapanda. Ikafa pale pale. Mara ya tatu nyimbo zilikuwa zimekwisha. Nilisikia maji tu, mbali chini, na mutoto mumoja nyuma anauliza kitu na kufungwa kinywa kwa mukono. Mimi ndiye mutu pekee pale aliyekuwa anawaza filta ya dizeli. Nikatoa kichwa dirishani nikaanza kusema ni filta. Angèle, mujane wa Hervé, akaniambia polepole bila kunitazama, "Demi, nyamaza. Mwenye safari anaongea."

Kule ng'ambo watu wanajua jambo hili. Mufu anabebwa mabegani, anaulizwa nani alimuua, na sanduku linasukuma wabebaji mpaka mulango wa mutu. Hapa tunabeba kwa gari, basi wafu nao wameendelea, wanatumia injini. Niliyafikiria hayo kwenye usukani na nilitaka kucheka.

Mwamba akashuka. Akapangusa vumbi juu ya sanduku kwa mukono wake mwenyewe. Akasema ndugu yake amesema, lakini mutu hahukumiwi kwa siku moja. Kesho watamurudisha kwenye mulima ule ule, kwenye gari ile ile. Akisimama tena hapa, watajua. Kisha akanigeukia mimi.

"Na fundi asiiguse. Kutengeneza hii motokari leo ni kumufunga mufu kinywa."

Sanduku likarudishwa chini kwa mabega. Hakuna aliyemuambia Eneless neno. Hakuna aliyehitaji. Sote tulijua nyumba ya majani inachukua muda gani kuwaka, na kwamba siku ya kuichoma mulango unafungwa kwa nje.

Mama Clémentine hana shule, lakini ana kichwa. Aliniambia nipeleke pikapu kwa Méschac. Nikamukumbusha neno la Mwamba. Akasema Mwamba alikataza kutengeneza, kuangalia hakukukataza.

Méschac aliangalia mchana mzima. Kwanza bisibisi kwenye sikio, injini ikinguruma polepole, na mimi nimesimama pale nikiota mizizi. Akaniuliza moshi ulikuwa wa rangi gani ilipokufa. Nikamujibu mweusi, kwa haraka, kama mutu wa mbele darasani.

"Uliona, ao ulisomaka?"

Nikakubali sikuona. Nikafikiri tena: nyuma yetu hewa ilikuwa safi, watu walikuwa wanatazama sanduku bila kukohoa. Moshi haukuwepo kabisa.

"Motokari yenye kukosa hewa inatoa moshi mweusi," akasema. "Hii ilikufa bila moshi. Hii ilikufa na njaa."

Akabonyeza kile kipampu cha mukono kilicho juu ya filta. Kinapaswa kuruka juu kama chura. Kilizama na kubaki chini, kama kuna mutu anakivuta kutoka upande wa pili. Nilisema hivyo kwa mzaha. Méschac hakucheka, na mimi nikajuta, kwa sababu tulibaki wote wawili tunakitazama kile kidude kilichozama, na kikapanda polepole sana, peke yake.

Akafungua mpira unaotoka kwenye tanki, akafunga mwingine, akaupitisha dirishani mpaka kwenye bidoni, dumu la dizeli nililolishika katikati ya miguu. Tukapakia mifuko ya mchanga mpaka springi zikalia, tukaenda kwenye mulima wa nyuma ya soko. Hapakuwa na mutu, wote walikuwa msibani. Pikapu ikapanda kama dume la ng'ombe. Tukashuka, akarudisha mpira wa tanki, mchanga ule ule, mulima ule ule. Katikati ya mulima ikameza, ikajikwaa, ikafa. Ilisimama mbele ya choo cha soko. Nikamuuliza Méschac kama choo nacho ni mulozi.

"Basi iko ndani ya tanki," akajibu.

Tulimwaga dizeli yote. Akafungua kile kifuniko cha kipimo juu ya tanki, akaingiza vidole viwili, kisha vitatu, akageuza uso pembeni kama mukunga. Alivuta kitu kikatoka polepole, kinachuruzika: kipande cha chandarua, cha buluu, ukubwa wa kitambaa cha kichwa, na kwenye ukingo wake kamba ya mpira wa baiskeli iliyofungwa mafundo mawili.

Dizeli yetu inavuka ziwa kwenye bidoni. Inakuja na mchanga, kutu, na siku nyingine magamba ya samaki. Hakuna mutu hapa anayejaza tanki bila kufunga chandarua kwenye mdomo wake, serikali inatugawia vya kulalia na sisi tunajua matumizi mengine. Jumatatu iliyopita Méschac mwenyewe alikuwa ameijaza pikapu hii. Kamba ililegea, chandarua kikaingia. Alipokikosa alidhani watoto wamekichukua kwenda kutegea dagaa. Hakutafuta zaidi.

Injini ikitaka dizeli kidogo, kitambaa kinaelea mle ndani kimya. Ikitaka nyingi, mulima na mzigo, mvuto unakikokota mpaka mdomo wa bomba na kukiziba. Injini inakufa, mvuto unaisha, kitambaa kinaachia. Unawasha, gari inawaka.

Méschac alikaa chini na kitambaa mapajani. Nilimuambia la kufanya, lilikuwa rahisi: kitupwe, tanki lifungwe, kesho pikapu ipande, mufu azikwe, Eneless auze chumvi yake, na kinywa kifungwe. Hakuna atakayejua. Nilikuwa nimekwisha kushika kifuniko.

Akaniambia habari ambayo sikumuuliza. Alikuwa na miaka kumi na sita, kijijini kwao. Mukubwa wa muji alikufa, vijana sita wakabeba sanduku, na yeye alikuwa mbele, bega la kushoto. Sanduku likazunguka muji, likaingia kwa shangazi yake Débora, yule aliyemulea. Débora alitolewa na nguo moja, akaingia porini saa saba mchana, na hakuna aliyemuona tena.

"Nilisikia uzito unageuka," alisema. "Mpaka leo sijui kama uzito ndio ulinisukuma, ao mimi niliusukuma."

Alisema injini ikizimika ghafula, katika ule ukimya wa kwanza, anasikia mutu anatembea juu ya majani makavu. Hatua chache tu. Anasubiri ziishe ndipo ashike ufunguo. Nilitazama chini, kwenye lile shimo lenye maji. Injini yetu ilikuwa imezimwa muda mrefu. Sikusikia kitu, lakini nilisikiliza, na hilo ndilo lilinitisha.

Akasema tukinyamaza, wale watu watabaki wanajua kwamba Eneless aliua, na kwamba Mwamba alitaka kuhakikisha na mufu akamuhurumia yule mwanamuke. Watangoja kifo kingine tu. Hapana. Atawaonyesha.

Jumapili asubuhi alikuja msibani na kitambaa ndani ya beseni, akasimama mbele ya sanduku kabla halijanyanyuliwa. Alieleza kwa Swahili, akarudia kwa Bemba, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka Bemba yake. Alieleza mdomo wa bomba, mvuto, mulima. Alisema kitambaa ni chake, mafundo ni yake, kosa ni lake. Fundi aliyejiharibia jina namna ile mbele ya wateja wake wote sijamuona tena.

Walimusikiliza vizuri. Watu wetu wanasikiliza. Kisha mama mumoja akauliza, kwa upole kabisa, nani aliyemulegezea kamba mukononi. Kamba zinalegea kila siku, kwa nini ile, kwa nini wiki ile? Wengine wakaitikia. Nikaona chuo chote cha Mansa kinazama majini na mimi ndani yake. Hoja ile haina jibu, unaweza kuwaonyesha mpaka msumari wa mwisho, watakuuliza nani aliusukuma.

Mwamba akasema, "Muzee Méschac, nilisema fundi asiiguse, ukaigusa. Eneless alikupa nini?"

Sasa walianza kumutazama Méschac. Akainua beseni. Kisha akasema sawa, atarudisha kitambaa ndani ya tanki, mbele ya macho ya wote, na mufu apandishwe, na watu wale wale ishirini na wawili. Lakini njia za makaburi ni mbili. Wapite ile ingine. Nayo ina mulima.

Hakumaliza. Kila mutu pale anajua nani anakaa kwenye mulima wa njia ile ingine. Nyumba ni moja, ya bati, yenye geti jekundu. Ni ya Mwamba.

Akarudisha kitambaa. Nilikiona kikiingia. Sanduku likapandishwa, watu wakapanda, bila wimbo. Méschac akamufungulia Mwamba mulango wa mbele. "Papa Mwamba, kaa na Demi. Utaona mwenyewe."

Mwamba akaingia. Nikawasha. Pikapu iliwaka safi, mwongo yule. Niliweka gia ya kwanza nikabaki na mguu kwenye klachi, nikingoja aseme twende. Alikuwa ameshika ubao wa mbele kwa mikono miwili. Sijui kati yake na Hervé kulikuwa na nini. Labda hakuna kitu, au kile kilichopo kati ya ndugu wowote wawili, neno moja la zamani ambalo halikuombewa msamaha. Nilimusikia anapumua. Kioo kilianza kuingia ukungu upande wake tu.

"Demi," akasema chini chini. "Zima."

Nikazima. Akatoa kichwa dirishani.

"Mutoe hiyo nguo. Twende tumuzike mutu."

Méschac akatoa kitambaa tena, akafunga tanki. Tukapita njia ya kwanza. Pikapu ikapanda mulima na sanduku na watu ishirini na wawili, bila kumeza, bila kukohoa. Eneless alikuwa amesimama mulangoni kama jana. Nilitazama kwenye kioo cha ndani nione kama wanamutazama. Hakuna hata mumoja. Wote walikuwa wanatazama kisogo cha Mwamba.

Hakuna kilichochomwa. Wiki iliyofuata watu walirudi kununua chumvi ya Eneless, kwanza kwa kutuma watoto, baadaye wenyewe. Kwa Mwamba hakuna aliyesema neno. Alibaki shemasi. Ila benchi lake kanisani likaanza kuwa na nafasi, kwanza mutu mumoja, baadaye upande wote. Akipita bandarini, mama zao wanawaita watoto ndani, wanasingizia uji. Mwanzo wa mvua akapakia mabati ya nyumba kwenye lori la samaki, akahamia Chienge na mukewe. Geti jekundu aliliacha. Limesimama pale bila ukuta, limefungwa kwa kufuli.

Eneless alikuja gereji siku moja na pakiti ya chumvi. Méschac hakutaka kuipokea, mama akaiweka juu ya boneti. Aliongea ile Swahili yake ya sokoni, fupi.

"Ulinitoa mimi, ukamutia yeye."

Akaenda zake. Méschac alibaki na bisibisi mukononi, na gari iliyokuwa mbele yake haikuwa imewashwa.

Mwezi wa tano nilikuwa na safari ya Chienge kupeleka makasha ya barafu. Méschac aliomba kiti. Karibu kufika nikamuuliza kwa nini siku ile alichagua njia ya kwa Mwamba. Nilidhani atasema kwa sababu ya mulima.

"Kwa sababu ya geti," akasema. "Nilijua mwenye geti ataogopa."

Tulimukuta Mwamba pwani, anashona wavu. Amekonda. Alisimama, akatusalimia kwa mikono miwili, akauliza habari za Febby na za Mama Clémentine. Viti hakutuletea. Méschac alianza kusema neno alilokuja nalo, msamaha nadhani, lakini Mwamba aliinua mukono wenye sindano ya wavu.

"Niambie kitu kimoja tu. Siku ile. Kama tungepita kwangu, ingesimama?"

Mulima wa kwa Mwamba ni mufupi. Nimeupanda mara nyingi, una kona pale katikati ambapo dereva analazimika kurudi gia ya kwanza, na gia ya kwanza inataka mafuta kidogo. Kitambaa kingeweza kubaki kinaelea. Méschac aliyajua hayo kuliko mimi. Nilimuona anayapima, macho yamefungwa, muda ule ule anaoutumia kwa injini.

"Sijui, Papa Mwamba."

Mwamba akaitikia kwa kichwa, kama mutu aliyeletewa habari alizokuwa nazo tayari. Akakaa chini, akatafuta tundu alipokuwa ameishia, akaendelea kushona.